Sindano Iliyofika Chini

Gramafoni ilizunguka vizuri, muziki ukatoka safi, ila katikati ya wimbo kulikuwa na mtu anahema.

Fundi aliinua sindano, akasonya. Wiki nzima alikuwa akihangaika na dude hili la marehemu baba mkwe wake. Alibadilisha mkanda, akasafisha mota, akalehemu nyaya upya. Jana akang'oa kichwa cha zamani chenye sindano butu, akafunga kipya, kikali. Leo anasikia mapafu ya mtu.

"Nilikwambia usiguse ile sindano," mkewe alisema kutoka jikoni. Huyo hakuwa mwanamke wa kunyamaza. Aliongea na sufuria, na majirani, hata na mvua, naye Fundi kwa miaka yote ya ndoa alilala na kuamka ndani ya sauti hiyo, akiilalamikia na kuipenda. "Baba aliisugua kwenye jiwe kwa makusudi. Alisema santuri hii ina jini, amefungiwa chini kabisa ya mfereji inamopita sindano. Sindano butu inapita juujuu, haimfikii."

"Mama watoto, baba yako alikuwa mtu mwema, lakini ufundi hakuujua."

"Irudishe, mume wangu. Nakuomba."

"Niirudishe vipi? Niliivunja na koleo nikiitoa."

Akabadilisha waya wa ethi, ule unaozuia mngurumo. Wapi! Akapunguza uzito wa mkono unaobeba sindano, na kuhema kukasogea karibu. Nje jua lilikuwa linawaka, watu wanapita wakicheka, lakini chumba kilinuka udongo mbichi kama shimo lililochimbwa sasa hivi, na kila alipokaza skrubu pumzi ile ilipanda, ikatoka spika ya kushoto ikahamia ya kulia, ikapita nyuma ya shingo yake, ikarudi mezani, naye akazidi kukaza, maana hasira ilikuwa imeishinda hofu.

Mkewe alikuja mlangoni, viganja vimejaa unga. "Zima," alinong'ona. "Kuna kitu kinanivuta kooni."

"Hebu nyamaza kwanza, nisikilize."

Akanyamaza. Fundi alisubiri ajibiwe, maana mkewe hakuwahi kukosa jibu. Alipogeuka, midomo ya mkewe ilikuwa inakwenda, mishipa ya shingo imesimama, na hakuna kilichotoka. Kwenye spika kuhema kulikuwa kumekoma, na chini ya wimbo sauti ya mkewe ikaita, "Mume wangu, nitoe humu."

Aliinua sindano, sauti ikakatika. Mkewe alimtazama tu, machozi yanamtoka. Fundi akairudisha haraka. "Usizime tena," sauti ikasema. "Huku kuna giza."

Mganga alikuja, akainusa santuri, hakutaka hata kukaa. "Jini ametoka, amemwacha mkeo mahali pake," alisema. "Ukiivunja, umeivunja sauti yake."

Kwa hiyo kila jioni Fundi huiweka santuri mara moja tu, mkewe akakaa karibu ya spika, wakazungumza mpaka wimbo uishe. Mara moja tu, kwa sababu santuri hulika kila inapochezwa, na hilo hakuna anayelijua kuliko yeye. Juzi mkewe alisema jambo refu, kwa upole, na Fundi akainama mpaka sikio likagusa spika.

"Sijasikia, mama," alisema. "Rudia."

Alirudia, na safari hii ilisikika mikwaruzo tu.