Mawaridi Mekundu ya Babu

Naapa, na mkono nimeuweka juu ya kitabu, haya yote yametokea hivi hivi, sikutia chumvi hata chembe. Anayebisha aje, nitamlipa.

Siku moja kabla ya harusi, saa nne asubuhi, bibi harusi alikuwa amechutama kando ya meza katika ukumbi wa maktaba, akifunga waya kwenye shina la waridi la karatasi. Mara mikono ikasimama.

Alikuwa mkutubi, na harusi aliitaka pale pale kazini, katikati ya rafu. Familia nzima ilipewa kazi: lete vitabu vyako chakavu, kata kurasa, viringisha petali kwa penseli, gandisha kwa gundi. Kadi za zamani za katalogi zikawa majina ya meza. Vibendera vya kurasa vikaning'inia kutoka rafu hadi rafu. Mkutubi Mkuu, mama asiyecheka kabla ya mchana, aliutoa ukumbi kwa sharti moja: "Nikiona ukurasa wetu hata mmoja kwenye maua yako, harusi utafanyia uani kwenu, na kazi tutaongea."

Sasa waridi moja jekundu lilikuwa limebanduka rangi, na chini yake palichungulia nusu ya mhuri wa zambarau.

Kila kitabu cha maktaba hupigwa mhuri mara mbili: ukurasa wa kwanza, ambao kila mwizi huuchana, na ukurasa mmoja wa ndani unaojulikana na wafanyakazi tu. Mwizi huyu aliuchana ule wa kwanza. Ule wa ndani hakuujua.

"Leta hilo ua," alisema Mkutubi Mkuu nyuma yake. Akaligeuza, akavua miwani. "Mwenye funguo za stoo ya vitabu ni nani?"

"Ni mimi, mama."

"Basi una mpaka saa saba kuniambia nani kafanya hivi."

Bibi harusi alitazama meza. Maua ya wengine wote yalikuwa meupe, herufi zikionekana, kama alivyoagiza. Mekundu yalijaa kwenye boksi moja tu, na boksi halikuwa na jina. Mwenye rangi katika familia alikuwa mdogo wake bwana harusi, mchoraji wa mabango, aliyeitwa Brashi hata na mama yake.

"Shemeji, rangi hii ni yako?"

"Yangu. Kwani haijakauka?"

"Maua haya umetengeneza wewe?"

"Mimi? Maua yangu yale pale, yanayofanana na kabichi. Jana mmecheka mpaka mmelia."

"Wewe uliwahi kupoteza kitabu cha maktaba."

Brashi akafuta mikono kwenye suruali, polepole. "Nilikilipia, shemeji. Mbele ya watu, kama hivi leo. Kumbe bado mnanihesabia."

Bibi harusi akaona haya, macho yakatafuta sakafu. "Kopo la rangi lilikaa wapi?"

"Mezani. Yeyote angechovya."

Ilikuwa rangi ya maji. Akachukua pamba yenye unyevu, akapangusa petali moja, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasoma: *nikavua kiatu cha kushoto, chui akanitazama.*

Kiatu kile cha kushoto alikijua tangu hajaanza shule.

Hakumlaumu mtu. Alivuta kiti, akamgeukia babu yake mzaa mama, karani mstaafu wa tiketi za treni, mzee mtanashati, mabega mapana, meno yote mdomoni. "Babu, wote tumenuna. Tusimulie ya chui."

Babu akakohoa kwa raha. "Basi, ilikuwa mvua kubwa, nami niko peke yangu ofisini, na taa inakufa…"

"'Na taa inakufa,'" bibi harusi alisoma kwenye petali.

Babu akapunguza mwendo. "Nikasikia mlangoni…"

"'Kukwaruza, kama kucha za paka mkubwa.' Endelea, babu."

"Nikavua kiatu…"

"Cha kushoto," alisema Brashi, akichungulia. "Kimeandikwa hapa. Lakini babu, huyu wa kwenye kitabu ni mwanamke. Mkunga."

Hakuna aliyecheka. Ingekuwa nafuu wangecheka.

"Nilikiazima mama yako akiwa mdogo," Babu alisema, akizungumza na kofia yake. "Siku moja akaniuliza, baba, wewe umeona nini duniani? Mimi nimekaa dirishani nakata tiketi za safari za watu. Ningemwambia nini? Nikasoma, nikamsimulia. Akanikumbatia. Baada ya hapo ningekirudishaje? Angekiazima mwenyewe! Wewe ulipoajiriwa humu, nikaanza kukificha chini ya godoro. Uliposema tulete vitabu chakavu, nikaona bora kiwe maua mekundu, herufi zisisomeke."

"Na mimi ningefukuzwa. Na shemeji ameitwa mwizi, babu, wewe umekaa hapo unatazama."

Babu akamgeukia Brashi. "Mjukuu wangu, nisamehe."

"Kabichi zangu, babu," Brashi alisema, "angalau ni zangu."

Bibi harusi naye akamwendea. "Hata mimi nisamehe, shemeji."

Mkutubi Mkuu akavaa miwani. Harusi itakuwa humu, alisema, bila mekundu. Babu atafumua kila ua, apige petali pasi, akirudishe kitabu ukurasa kwa ukurasa. Na kila Jumamosi atawasomea watoto. "Ukimtaja chui, mtaje na mkunga."

Ndivyo ilivyokuwa. Nayajua yote kwa sababu nilikaa karibu sana na huyo babu.

"Mabega mapana?" anauliza bibi yenu, anayesoma nyuma yangu. "Meno yote?"

"Ni uandishi tu, mke wangu."

"Na 'karibu sana naye' ndiyo nini? Umesema anayebisha utamlipa. Nabisha. Pasi imeshapata moto."

Basi nalipa, kwa ukweli. Wekundu haujatoka kwenye kucha zangu. Jumamosi iliyopita mtoto mmoja aliniuliza kama yule mkunga nilimfahamu. Ulimi ulishanyanyuka.

Nikamwambia hapana, nilimsoma tu.