Lakiri ya Serikali kwenye Sanduku la Daktari Luisa

Siku ile mjinga alikuwa Blasius, na hata yeye mwenyewe hakatai.

Mkewe yuko ndani na uchungu wa tangu jana. Mkono wa mtoto umetangulia, mtoto hatoki… Vifaa vya kumpasulia vimo sandukuni, sanduku limefungwa, ufunguo uko mfukoni mwa Blasius.

Na aliyesababisha lifungwe ni nani? Blasius!

Tulieni niwapange, ndugu zangu.

Mwaka 1938, enzi za Mwingereza, Lituhi, ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Blasius alikuwa Mmatengo wa Mkumbi, mkalimani wa Bwana Shauri, yule mzungu wa Serikali aliyezunguka vijijini kuamua kesi. Kaki imenyooshwa kwa pasi, soksi zimevutwa hadi magotini kwenye joto lile la ziwani. Akipita yeye, hata kuku wanaona bora wapishe.

Mkewe, Emerensiana, alikuwa binti wa Lituhi. Uzazi wa kwanza mwanamke hurudi kwa mama yake, kwa hiyo safari ile ya kikazi na Bwana Shauri ilimtua Blasius ukweni.

Na ukweni hapakuwa na mchezo. Yeye na mama mkwe wake, Mama Gertruda, hawakuwahi kutazamana usoni. Mama akiwa na neno naye, aliuambia ukuta.

"Ewe ukuta, mwambie mkwe ugali umeiva."

Blasius anaushukuru ukuta, ananawa, anakula. Heshima hiyo.

Sasa pale Lituhi, kwenye misheni, alikuwapo Daktari Luisa. Udaktari aliusomea kwao Ujerumani, kisha watawala wapya wakamkataza kutibu kwa kuwa ni Myahudi. Akakimbia, akafika huku. Huku nako akaambiwa shahada yake si ya Kiingereza, asubiri Dar es Salaam waamue. Kwa sasa aoshe vidonda na kugawa kwinini, kisu asikiguse.

Ila mtu akiletwa na ngiri iliyonasa, utamwambia asubiri Dar es Salaam? Daktari alikuwa anapasua. Lituhi nzima ilijua, na Lituhi nzima ilijikausha.

Kasoro Blasius.

Bwana Shauri aliuliza tu, huku anakunywa chai, kama kuna mtu hapa anayepasua watu bila kibali. Wote wakageuka kutazama ziwa. Kijana wetu akaona hapa ndipo pa kupandia cheo. Akataja jina, tena akaonyesha na nyumba.

Basi vifaa vyote vikatiwa sandukuni, likafungwa, likapigwa lakiri, ile nta nyekundu yenye muhuri wa Serikali. Baraza likapangwa. Daktari akipatikana na kosa, anarudishwa alikotoka. Ufunguo akakabidhiwa mkalimani mwaminifu, na mzungu akaenda kuwinda viboko huko mto Ruhuhu.

Daktari Luisa hakubishana. Alimuuliza Blasius swali moja.

"Unajua kwetu wananisubiri na nini?"

Blasius hakujua. Na hakuuliza.

Kesho yake ndipo habari ikamfikia kwamba Emerensiana amebebwa misheni… Akili ikamruka. Akaenda, akarudi, akaenda tena. Akakaa, akasimama. Anatia mkono mfukoni, anautoa. Mwenye kibali cha kupasua yuko Songea, siku kadhaa kwa miguu kupanda milima ya Umatengo. Alimtuma mtu kwa Bwana Shauri, mtu hakurudi.

Daktari alikuwa mlangoni, mikono ameshaiosha, maji yanamchuruzika viwikoni.

"Daktari, nisaidie."

"Nipe ufunguo."

"Nikivunja lakiri nafungwa."

"Ukifungwa utatoka. Mimi nikirudishwa kule, sitoki. Nipe."

Jamani… mwanaume akasita! Mke anakata roho, yeye anawaza soksi.

Mama Gertruda akatoka ndani. Blasius, kwa mazoea, akageukia ukuta upesi. Mama akamzunguka, akasimama mbele yake, uso kwa uso, watu wote wanaona. Wanawake wakaziba midomo. Mama akatia mkono mfukoni mwa mkwewe taratibu, kama anayetoa yai chini ya kuku, akauchukua ufunguo. Lakiri akaipiga kwa mchi.

Jua likiwa utosini mtoto akatolewa. Wa kike, analia kama ana kesi na mtu. Emerensiana akapona.

Mnadhani yakaishia hapo?

Barazani, Bwana Shauri alipoona vile vipande, uso ulishika rangi ya lakiri yenyewe. Daktari Luisa alikuja na begi lake limeshafungwa. Hakukana kitu. Na mzungu, tusimsingizie, hakuongea upuuzi: alisema leo kapona huyu, kesho kila mwenye kisu atajiita daktari, wakifa watu nani atajibu? Kibali ni kibali. Akauliza nani kavunja lakiri.

Blasius akavua kofia ya kazi, akaiweka mezani.

"Mimi, Bwana. Na aliyemchongea daktari ni mimi. Mjinga hapa ni mmoja tu."

Hamkutegemea, eh? Hata Mama Gertruda hakutegemea. Kiswahili kilikuwa kinampita, akavuta jirani amweleze kinachosemwa. Alipoelezwa, akainuka na mjukuu mkononi.

Wewe unayesoma hapa, ukisaidia kumfungia mtu mlango, kwanza tazama wa kwenu wote wako upande gani. Daktari Luisa hakurudishwa. Aliendelea kutibu palepale ziwani, na kibali cha Dar es Salaam kilipokuja, kilimkuta kazini. Kilichombakiza ni maneno ya barazani siku ile.

Maana Mama Gertruda alimlaza mtoto mezani, juu ya karatasi za Serikali, akasema kwa Kinyasa sentensi moja. Bwana Shauri akamgeukia Blasius, anasemaje huyu? Zamani Blasius angelainisha. Safari hii alitafsiri neno kwa neno:

"Anasema, Bwana, kama aliyemtoa mtoto hana kibali, mrudishe mtoto alikotoka, kisha umlete mwenye kibali aje amtoe upya."