Draiva ya Kompyuta ya Shemeji

Je, umewahi kuharibu kitu cha ndugu yako kwa makusudi, kisha ukaitwa wewe mwenyewe uje kukitengeneza, tena ukapokewa kwa kukumbatiwa?

Hivyo ndivyo Kipanga alivyopokewa asubuhi ile.

"Mdogo wangu! Afadhali umekuja!" Dada yake alimshika mabega, akamwangalia juu mpaka chini. "Umekonda. Hiyo ofisi yenu hawajui kwamba watu hula?"

"Kazi tu, dada."

Chini ya koti, bastola yake aina ya Beretta ilikuwa imelala kimya. Ndani ya sikio, kidude kidogo kama punje ya mtama kilikwaruza.

"Kipanga, uko ndani?" Sauti ya Mkuu wa idara yake ya upelelezi.

Akakohoa mara moja. Maana yake ndiyo.

"Malori ya dawa bandia yamejificha karibu na ghala la dawa analofanyia kazi shemeji yako. Geti wanalifungua kwa neno lake la siri. Una nusu saa. Usipoleta ushahidi kwamba ameibiwa neno hilo, vijana wanakuja kumtia pingu."

Kompyuta ilikuwa kwenye kona ya sebule, imefunikwa kitambaa cha kufuma kwa mkono, cheupe, chenye maua pembeni. Kipanga alikifunua, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya kochi.

Alama ya waifai ilikuwa na msalaba mwekundu.

Aliujua msalaba ule. Mwezi uliopita ni yeye aliyeuweka. Idara ilikuwa ikiwachunguza makarani wote wa ghala, na shemeji alikuwa mmoja wao. Kipanga, akiwa ofisini, aliivuruga draiva, ile programu ndogo inayoiwezesha kompyuta kuelewana na kifaa chake cha waifai. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Waifai itakufa, dada atapiga simu, yeye ataingia na kupekua bila mtu kushtuka.

Dada alipiga simu.

Kipanga hakupokea. Alikuwa ametumwa kwingine.

Dada akapiga tena. Na tena.

Shemeji alitoka chumbani akifunga vifungo vya mikono ya shati. Mtu mpole, mrefu, mwenye aibu ya kuinama hata kwenye mlango usiomgusa kichwa.

"Shemeji, usinicheke," alisema. "Wewe hukupatikana, nikaomba msaada. Fundi mmoja wa yadi iliyo jirani na ghala akanipa flashi yenye draiva. Ilifanya kazi vizuri tu, juzi ikafa tena. Nisamehe kwa kukusumbua."

Nisamehe.

Neno lile lilimchoma Kipanga kuliko risasi aliyowahi kupigwa begani.

"Hunisumbui, shemeji. Kamalizie kuvaa."

Akafungua orodha ya vifaa. Pembetatu ya njano ya onyo. Akaigusa. Jina la mtengenezaji: tupu. Sahihi ya kuithibitisha: hakuna.

Dada alikuwa jikoni, anagonganisha vikombe.

"Mkuu," alinong'ona. "Draiva ni ya bandia. Kila anachoandika shemeji kinakwenda kwa watu fulani."

"Watu gani? Wako wapi?"

"Nitajua ikiamka."

"Iamshe!"

Akakizima kifaa, akakiwasha. Kimya. Akakiondoa kwenye orodha, akaiwasha kompyuta upya. Kimya vilevile.

Akafungua rekodi za kompyuta.

Kisha akaona. Juzi kompyuta ilijisasisha, na ulinzi wake mpya ukaikataa draiva isiyo na sahihi. Mashine ilikuwa imeilinda nyumba ya dada yake kuliko alivyoilinda yeye.

Akaiwasha upya, safari hii akipitia kwenye mipangilio ya kuanzia. Akauzima ulinzi kwa muda.

Msalaba ukatoweka.

Akatoa kalamu mfukoni, akaivua kifuniko, akaichomeka ubavuni mwa kompyuta. Kinasa mawimbi. Taa yake ikapepesa, na anwani ya waliokuwa wakipokea ikajitokeza kwenye skrini.

"Ni yadi ya yule fundi, Mkuu."

"Wanasoma kila kinachoandikwa?"

"Kila herufi."

"Basi waandikie."

Kipanga akamwita shemeji. "Hebu tujaribu. Mwandikie mlinzi mkuu, kama kawaida yako, kwamba geti la tatu halina mtu sasa hivi."

"Lakini si kweli."

"Ni majaribio tu, shemeji. Nitampigia mimi kumweleza."

Uongo mwingine. Shemeji akaandika kwa vidole viwili, akisoma kila neno kwa sauti.

Kimya.

Halafu sikio likalipuka. "Wametoka! Lori la kwanza... la pili... Simama! Mikono juu!" Breki zikalia. Mtu akatukana. "Tumewanasa wote, na fundi wao. Shemeji yako ni msafi. Ondoka."

"Sijamaliza."

"Kazi imekwisha, Kipanga."

"Yenu ndiyo imekwisha."

Akaifuta draiva bandia, akitia alama kwenye kile kisanduku cha kufuta na mafaili yake, maana bila hivyo ingejirudisha yenyewe. Akarudisha ulinzi. Akapakia draiva halisi ya mtengenezaji kutoka kwenye flashi yake. Akabadilisha na maneno yote ya siri. Waifai ikajaa mpaka juu.

"Wewe ni mtu wa msaada, shemeji!" Karani yule alimpa mikono miwili. "Sijui tungefanya nini bila wewe."

Kipanga akavaa miwani yake ya jua ya Ray-Ban haraka, ingawa bado alikuwa ndani.

Akatoka kwa mwendo wake ule ule, bila haraka, kama mtu aliyekuja kusalimia tu. Dada akamfuata mpaka barazani, kikombe cha chai mkononi, hakijaguswa.

Kipanga akasimama.

"Dada, ile kompyuta niliiharibu mimi. Mwezi uliopita. Mabaya yote yalipitia hapo."

Dada aliweka kikombe juu ya ukuta mfupi wa baraza, akaanza kumnyooshea koti. Mkono wake ukapita juu ya Beretta, ukasita, ukaendelea mpaka kwenye kola.

"Mimi kompyuta hata kuiwasha siijui," alisema. "Simu zote zile, ulidhani nalilia waifai? Nilikuwa nakutaka wewe. Nataka uje siku ambayo hakuna kilichoharibika, mdogo wangu, ukae."