Ukungu Kwenye Picha ya Samaki

Kondo alikufa huku akiwasikia wanaomlilia. Daktari alilisema hilo kwa sauti ya chini, mlangoni pa chumba cha maiti, na Inspekta Romana aliondoka nalo kifuani kama mwiba.

"Sumu hii haigusi akili," daktari alieleza. "Huanza na ganzi ya midomo. Ulimi unakuwa mzito, kisha mikono na miguu. Mwisho kifua kinakataa kuvuta pumzi. Mgonjwa anajua kila kitu mpaka anakata roho."

"Sumu gani?"

"Nimechukua sampuli za tumboni ziende kwa mkemia. Lakini ukiniuliza sasa hivi, nitakwambia bunju."

Romana alizaliwa Nachingwea, binti wa wakulima Wakatoliki. Samaki aliwajua wakiwa wameshakaangwa. Aliuliza bunju ni nini.

"Samaki anayejijaza upepo kama mpira akiguswa. Watoto wa pwani humchezea ufukoni, lakini hakuna anayempeleka jikoni. Ini lake peke yake linamaliza nyumba nzima."

Marehemu alikuwa mkulima wa korosho wa Miteja. Mkewe, Mwanaasha, alikuwa ameshatoa maelezo mafupi. Alhamisi alinunua ng'onda, samaki mkavu, kwa mchuuzi wa pikipiki asiyemjua. Samaki alikuwa ameshachunwa ngozi na kukatwa kichwa. Kondo alikula mchana. Yeye hakula kwa sababu alikuwa amefunga saumu ya sunna.

Kesho yake asubuhi, kabla Romana hajaanza safari ya Miteja, mwanamume mwenye kanzu iliyokunjamana aliingia kituoni akasimama mbele ya meza ya Koplo Benedikto.

"Naitwa Abdulrazak, mvuvi wa Kiswere. Nimekuja kujisalimisha. Nimemuua shemeji yangu."

Benedikto aliweka kalamu chini. Romana akatoka ofisini kwake.

"Umemuuaje, nawe ulikuwa Kiswere?"

"Kwa simu, afande."

Alitoa simu yake, akafungua ujumbe wa dada yake. Palikuwa na picha, na chini yake maneno: *Kaka, nimeuziwa huyu, si bunju kweli? Kondo anamtaka mchana.* Jibu lake lilikuwa hapo hapo: *Chewa huyo. Mpikie mumeo.*

Romana aliitazama picha. Aliona sinia, na juu ya sinia kitu kilicholala. Vingine vyote vilikuwa ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Mwanga wa dirisha ulikuwa umemwagika ukafunika nusu ya samaki.

"Uliona chewa hapa?"

"Sikuona kitu."

"Mbona ukajibu?"

Abdulrazak alitazama sakafu. "Tulikuwa hatusemezani, mimi na dada yangu, tangu nilipomrudisha kwa mumewe. Siku ile akaniita kaka. Nikasema moyoni, nikimwomba picha nyingine nitaonekana namsumbua. Nilitaka yaishe."

"Ulikusudia Kondo afe?"

"Hapana. Lakini amekufa kwa neno langu. Niwekeni ndani."

Romana alimweka mahabusu. Sheria ilimruhusu, na pia huko nje palikuwa na ndugu wa marehemu waliokwisha kusikia habari za ujumbe ule. Alipopelekewa uji, Abdulrazak aliusogeza kando. Alikaa ameegemea ukuta, viganja vikiwa wazi mapajani, kama mtu aliyeishia katikati ya dua.

Miteja, msiba ulikuwa bado umetandikiwa mikeka. Romana alitoa pole, akavua viatu. Mtu wa kwanza kumfuata alikuwa Somoe, dada mkubwa wa marehemu.

"Shikamoo, mama," Romana alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa polisi? Basi kalione mwenyewe. Wifi yangu amekataa kukaa eda. Mume hajakauka kaburini, yeye anasema eda haimhusu."

"Amesema kwa nini?"

"Anasema tumwulize Kondo." Somoe alifuta macho kwa upindo wa kanga. "Maneno gani hayo ya kusema kuhusu maiti?"

Mwanaasha alikuwa chumbani, amekaa kitandani, amevaa gauni la kila siku. Hakuwa akilia. Romana alimwomba simu. Aliitoa bila kusita.

"Unataka kuona ile picha," Mwanaasha alisema. "Kaka hana kosa, afande. Simu ndiyo mbaya. Protekta ya kamera imechakaa."

Romana aliigeuza simu. Juu ya macho ya kamera palibandikwa kile kioo chembamba ambacho watu huweka kuikinga isikwaruzwe. Aliielekeza dirishani, akapiga picha. Ukungu uleule ukatokea. Dirisha likavimba kwa mwanga, na upande wa pili wa picha likatokea doa jeupe ambalo chumbani halikuwapo. Akageuka, akapiga kona yenye kivuli. Huko angalau ukuta ulionekana.

Akafungua picha za nyuma. Juu ya ile ya samaki, siku hiyohiyo ya Alhamisi, zilikuwapo picha za maua ya mikorosho. Zilipigwa jua likiwa nyuma ya matawi, lakini kila ua lilionekana. Ule unga mweupe wa ugonjwa wa ubwiriunga ulionekana chembe kwa chembe. Kwenye picha moja kilikuwamo kidole cha mwanamume kikishikilia kitawi, na ukucha wake una udongo.

Romana aliikuza picha hiyo kwa vidole viwili. Kisha akaingiza ukucha chini ya kile kioo, akakibandua. Kilitoka kirahisi. Akapiga picha ya dirisha kwa mara nyingine, na sasa akaziona hata nyuzi za wavu wa mbu.

Alikitia kioo katika mfuko wa vielelezo, akaandika tarehe.

"Bi Mwanaasha, itabidi twende kituoni."

Mwanaasha aliinuka. Alipopita mbele ya wifi yake alisita kana kwamba ana neno, kisha akaendelea.

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja na feni isiyozunguka. Konstebo Agnes alikaa pembeni na karatasi. Romana alimweleza Mwanaasha haki zake: anaweza kunyamaza, anaweza kutaka ndugu au wakili awepo, na atakalosema laweza kutumika mahakamani.

"Nimeelewa," Mwanaasha alisema. "Uliza."

"Alhamisi asubuhi nani alikuwa na simu yako?"

"Kondo. Yeye ana kitochi tu, hakina kamera nzuri. Alikwenda kumpigia bwana shamba picha za maua."

"Akairudisha lini?"

"Kabla ya adhuhuri."

"Picha zake nimeziona. Ni safi."

Mwanaasha aliitazama ile feni.

"Yako ya samaki ilipigwa muda mfupi baadaye, kwa simu ileile. Haionyeshi hata mkia."

"Jikoni mna giza."

"Mna dirisha. Kioo kilichokwaruzwa hakisumbuliwi na giza, kinasumbuliwa na mwanga. Kila mkwaruzo unaushika na kuumwaga juu ya picha. Ulimweka samaki mbele ya dirisha."

"Nimekwambia kimechakaa."

"Kilichakaa kati ya shambani na jikoni?"

Agnes aliinua macho kutoka kwenye karatasi.

Romana aliweka ule mfuko mezani. "Kioo kinachochakaa mkobani hukwaruzika ovyo, huku na huku. Hiki mikwaruzo yake inazunguka, kama mkono unaosugua sufuria. Gundi yake bado mbichi, haijashika hata vumbi, kwa hiyo si cha zamani. Na wewe umezaliwa Kiswere. Samaki aliye mkononi mwako ulihitaji kuulizia kwa picha?"

Mwanaasha alikitazama kile kioo. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka, si ya mtu aliyekamatwa.

"Nilikisugua kwa stilwaya ya jikoni. Mara ya kwanza nilisugua kidogo, na samaki akaonekana. Kaka angemjua. Nikaongeza."

"Kwa nini ulimtumia kaka yako?"

"Nilitaka shahidi. Watu wakiuliza, niseme niliuliza nikajibiwa. Safari hii nilitaka kuwa na shahidi."

"Safari hii? Kuna safari nyingine?"

"Mwaka jana, baada ya msimu wa korosho, tuligombana. Kondo akanipa talaka. Tatu, kwa mkupuo, tukiwa wawili chumbani. Asubuhi akanitaka nimpikie chai. Nikamwambia mimi si mkeo tena. Akacheka, akasema sikusema kitu, umeota."

"Ukafanyaje?"

"Nilikwenda kwa Shehe Ismaili. Shehe hakunionea. Alimwita Kondo, akamwapisha. Kondo akaapa, mkono juu ya msahafu. Mimi sikuwa na shahidi. Shehe akaniambia pembeni, kama una yakini na ulichosikia, usimkubalie, ondoka. Nikaondoka, nikaenda kwa kaka. Kaka akanirudisha. Nikaondoka tena. Akanirudisha tena. Akasema dada yake hatakuwa mke wa kuzurura."

"Na Kondo?"

"Kondo alikuwa akiingia chumbani kama mume." Alishika ukingo wa meza. "Afande, wewe ni Mkristo, sijui kwenu mnasemaje. Kwetu hiyo ni zinaa. Nilikuwa naoga alfajiri, nasimama kuswali, na najua kwamba usiku nitarudi palepale. Nikakonda. Watu wakadhani nina sukari."

Romana alitaka kumwambia ziko mahakama, liko dawati la jinsia, uko mji wa Lindi na mingine mikubwa zaidi ambako mtu huweza kupotea. Aliyaona maneno hayo jinsi yalivyochelewa, akayaacha.

"Bunju ulimtoa wapi?"

"Kwenye nyavu za kaka. Bunju hutupwa ufukoni. Nilimchuna, nikamkausha pamoja na ini lake, juu ya paa la jiko la kaka. Alipokuwa akinirudisha mara ya mwisho, tumepakiana pikipiki, samaki alikuwa ndani ya mkoba wangu, kati yake na mimi."

Kalamu ya Agnes ilisimama.

"Ulikuwapo Kondo alipokuwa akifa?"

"Nilikuwapo. Kabla watu hawajajaa, nilimwinamia sikioni. Nikamwambia, sema kweli sasa, sema ulitamka, nami nitakusamehe." Machozi yake ya kwanza yakaanguka. "Alikuwa hana ulimi. Alinitazama tu. Nilidhani nitafarijika. Ile dhambi ya kwanza nilisukumiwa, afande. Hii ni yangu mwenyewe."

"Na kaka yako ungemwacha afungwe?"

"Nilijua watasema ajali. Sikujua atajileta."

Romana alimwambia kwamba atapelekwa kwa mlinzi wa amani, hakimu anayepokea maungamo, kuyarudia maelezo hayo kwa hiari yake. Mwanaasha aliitikia kwa kichwa. Agnes alimsomea alichoandika, naye hakubadilisha neno.

Kisha Romana akaenda mahabusu. Benedikto alifungua mlango.

"Bwana Abdulrazak, toka. Hukumuua Kondo. Dada yako alijua ni bunju tangu mwanzo. Picha aliifanya iwe mbaya makusudi, usione."

Mvuvi hakuinuka. Uso wake haukuonyesha nafuu yoyote.

"Amesema kwa nini?"

"Anasema Kondo alimpa talaka tatu, akazikana. Hakuwa na shahidi."

Abdulrazak alifunika uso kwa viganja.

"Alikuwa naye," alisema kutoka nyuma ya mikono. "Shahidi alikuwa naye."

"Nani?"

"Mimi. Nilipomrudisha mara ya kwanza, Kondo alinichukua tukazunguka nyuma ya ghala lake. Akaniambia, shemeji, ni kweli ilinitoka, lakini siwezi kuishi bila yule mwanamke, nisitiri. Akanishika mkono. Nikamsitiri."

"Mara ya pili ulipomrudisha, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Benedikto aliangalia ukutani.

"Njia nzima alikuwa akinieleza," Abdulrazak aliendelea. "Yuko nyuma yangu, analia mgongoni kwangu, ananiambia, kaka, wallahi alitamka. Nami nikamwambia anyamaze, watu watasikia." Alishusha mikono. "Hilo nalo liandike, afande."

"Hilo sina kifungu chake."

"Basi niandikie lile la kwanza. Niache humu humu."

"Siwezi."

Ilibidi Benedikto amwinue kwa mkono. Pale kaunta alipewa simu na mkanda wake. Akaomba amwone dada yake, japo kwa mlangoni. Romana alikwenda kumwuliza Mwanaasha, na kwa kuwa aliona ni haki yake kujua, alimweleza na lile la nyuma ya ghala.

Mwanaasha aligeuza uso ukutani.

"Simtaki," alisema. "Mwambie akamweleze shehe."

Abdulrazak aliupokea ujumbe huo, akatoka bila kuaga.

Jioni, Romana akifunga jalada, simu ya mezani iliita. Shehe Ismaili alikuwa akipiga kutoka Miteja. Alisalimia taratibu, akauliza hali.

"Yule kaka yake yuko hapa, mama," alisema. "Ameapa mbele yangu na mbele ya wazee. Talaka ilikuwa sahihi. Lakini mume yuko kaburini, na mwanamke yuko kwako. Sasa ushahidi huu niupeleke wapi?"

Romana alilifungua jalada tena. Akamwomba shehe amwandikie, yeye na wazee wake, kwa mikono yao, naye atauweka kwenye jalada pamoja na vielelezo vingine, hakimu auone. Shehe alikubali. Nyuma ya sauti yake Romana alimsikia mwanamume mtu mzima akilia, na sauti ya Somoe, dada wa marehemu, ikimwambia anyamaze.