Uzi Kinywani mwa Banza

Mashini ya kushona ilianza kulia saa sita mchana, na kitini hakuna mtu. Banza, mzee wa kanisa kule Dilala, alisimama mlangoni akaitazama: gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka, na chumba kizima kinanuka jasho la watu waliolala chini pamoja siku nyingi.

"Blandine, nani anashona?"

"Hakuna mutu, tata," mkewe alinong'ona. "Ile mashini ni ya Mama Tshiela. Mi nilikuambia."

Kweli alimwambia. Tshiela alikuwa jirani yao, Mkasai, mshonaji wa sare za kwaya. Mwaka ule wa 1993, vijana walipopita nyumba kwa nyumba wakiwafukuza Wakasai warudi mkoa wa asili yao, alimwachia Banza mashini aitunze mpaka treni ipatikane. Treni haikupatikana. Wiki ya nane ya kungoja Tshiela alikufa kwa kuhara pale kituoni, na bintiye Mbombo akabaki kwenye mabunda akingoja. Banza akasema mashini ni baraka. Watu wa namna hiyo wapo: wakishika mali ya mwenzao, huipaka mafuta ya maombi, basi, imekuwa yao.

Akaita kikundi cha maombi. Wakaimwagia mashini mafuta, wakapiga makofi, wakakemea. Banza akapaza sauti kuliko wote: "Toka, pepo! Nyumba hii ni safi!"

Hapo sindano ikachomoka. Ikamwingia Banza mdomo wa chini, ikatokea wa juu, ikarudi, ikaingia tena, na uzi mweusi ukaifuata ukivuta nyama kwa nyama, damu ikamwagika kidevuni na kwenye Biblia, na kadiri alivyojaribu kulitaja jina la Yesu ndivyo mshono ulivyokaza, mpaka kinywa kikafungwa kabisa na sindano ikapotelea ndani.

Waombaji walitoka mbio, wengine kwa dirisha. Kati yao alibaki Mama Kabedi peke yake, mjane asiyejua kubembeleza mtu.

"Mama, umufukuze huyu pepo!" Blandine alilia.

"Nimufukuze aende wapi? Eko kwa kitu yake." Kabedi akamgeukia Banza. "Tata, we unaomba, na mikono yote mbili imeshika kitu ya mwenyewe. Mungu akupokelee wapi, ku kichwa? Achilia. Peleka ku gare, kule treni, kwa mutoto yake. Na kile ulimufanyia Mama Tshiela, ukiseme mbele ya batu. Fanya haraka, uzi unashuka ku koo."

Banza aliisikia sindano ikitembea kooni. Pumzi ilipita puani kwa filimbi. Akajitwika mashini.

Njiani vijana wenye minyororo walimzuia. "Ee, muzee! Unabebea bilulu mizigo?" Bilulu, wadudu, ndivyo walivyowaita Wakasai. Wakampiga mgongoni, wakampiga begani mpaka mfupa ukalia, na kila alipowaza kuitupa mashini wamwache, uzi ulikaza kooni, akaona giza katikati ya jua, akainuka, akapigwa tena, akaendelea kupepesuka mpaka wakachoka kumcheka.

Kituoni, kati ya maelfu ya watu chini ya maturubai, katika jasho lile lile lililonuka chumbani, aliitua mashini mbele ya Mbombo. Gurudumu halikusimama. Uzi haukulegea.

Mbombo alimtazama kinywa. Hakushtuka.

"Mama alikuja kwako wiki ya pili, kuomba kitu yake. Alirudi na kichwa imepasuka. Alikatala kusema nani."

Banza akatia vidole kwenye mshono, akavuta. Midomo ilichanika vipande vipande.

"Ni miye," akasema, damu ikiruka. "Alishika mulango. Nikaufunga ku kichwa yake. Mara mbili."

Akatapika. Uzi ukatoka, mrefu, mweusi, ukifuatwa na sindano na kilio cha mwanamke kilichopita juu ya vichwa vya watu kikafuata reli. Gurudumu likasimama.

Banza akapiga magoti angoje neno la msamaha. Mbombo akakalia mashini ya mama yake.

"Sema tena, tata," akamwambia. "Na nguvu. Bale ba kule nyuma habakusikia."