Mama Aliyekaa Nyuma ya Mawe

Sogeeni wajukuu zangu, magoti yagusane. Wewe mwenye karanga, acha kutafuna kwanza. Hii husikilizwa kinywa kikiwa kimetulia.

Mwamba wa matumbawe ulikuwa umefungwa. Wanawake wachokoaji wa pweza walikubaliana wenyewe: ndani ya bendera za mpaka, hakuna kugusa shimo mpaka mayai yaanguliwe. Walimweka mlinzi, na mke wa mlinzi huyo ndiye aliyevunja ahadi. Si kwa tamaa, maskini. Binti yao mdogo alikuwa na homa, amekataa kila kitu, ananong'ona tu: "Mama, supu ya pweza." Maji yalipokupwa mama akaenda, akamchoma kwa mkuki pweza jike aliyekonda, aliyeziba mlango wa shimo lake kwa mwili wake, wala hakukimbia. Nyuma yake mayai yalining'inia kama shanga.

Mtoto akanywa supu. Mchana uleule nyumba ikanuka shombo, na chini ya kitanda kukasikika kwaru, kwaru.

"Mume wangu, unasikia?"

"Panya hao."

"Panya gani anaburuta mawe?"

Kulipokucha mawe yalikuwa mlangoni mwa chumba, yamelowa, yana mwani, na aliyekuwa akiyapanga ni mke mwenyewe, macho hayapepesi, mkono mmoja umemzunguka mtoto, na kila alipoletewa chakula alikisukuma kando, akampulizia mtoto taratibu, akampangusa, akampulizia tena, huku siku baada ya siku nyama ikimwisha mwilini na unyevu ukipanda ukutani.

Mganga akaletwa, akafukiza ubani.

"Unataka nini kwa mwenzio?"

Sauti ikatoka kinywani mwa mke, nzito, imejaa maji: "Sitaki kitu. Nalea. Wangu wameliwa na samaki. Nalea huyu."

"Utatoka lini?"

"Akiwa tayari kwenda."

Mganga akamvuta mlinzi pembeni. "Baba, nikimtoa huyu pweza kwa nguvu, ataondoka na mtoto. Nikimwacha, mtoto atapona. Mkeo, sikudanganyi..."

Mlinzi akashika jiwe la juu ayabomoe yale mawe. Ndipo mkewe akasema kwa sauti yake mwenyewe, mara moja tu: "Yaache, mume wangu. Mtoto hana homa tena."

Akayaacha. Akakaa upande wa pili, akilia kimyakimya.

Siku mwamba ulipofunguliwa, binti aliyaruka mawe, mzima, anadai chakula. Mama yake walipomnyanyua, alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka.

Kanga za marehemu alizirithi dada yake. Mlinzi akabaki na chumba asimoweza kulala. Binti aliachiwa mama wawili wa kuwalilia, na mmoja hana kaburi.