Barua Niliyoichana kwa Mikono Yangu

"Hii karatasi uliitoa wapi?"

Obiero aliniuliza akiwa amesimama. Kadi niliyompa darasani jioni hiyo ilikuwa kwenye kiganja chake.

"Kwa lile rundo la mezani," nikamjibu. "Si ndiko sisi wote tunatoa?"

"Uliisoma kwanza?"

"Kusoma nini na ni ya kuchana?"

Nekesa, anayekaa karibu nami, akacheka. "Obiero, leo unafanyia karatasi mtihani? Toa kadi yako tuone, wacha kutupotezea wakati."

Hakutoa. Alitia yangu mfukoni, akachukua kofia yake.

"Asante, mama," akaniambia, akatoka.

Mama. Kwa miezi minane mtu huyo aliniita Waiyego, jina langu, na akilitamka polepole kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Sasa aliniita vile mtu anavyomwita mwanamke asiyemjua akitaka ampishe njiani.

Nina miaka arobaini na tisa. Mchana nauza sukuma wiki hapa Huruma, nawakatia wateja nikiwa nimeketi kwenye ndoo. Jumanne na Alhamisi jioni nasoma darasa la watu wazima katika chumba cha nyuma cha kanisa letu. Nilianza shule nikiwa nimeshazika mume na kuozesha binti. Nilikuwa nimemwomba Mungu jambo moja, nisome Biblia kwa macho yangu kabla hayajachoka.

Kila Alhamisi mwalimu wetu, Linah, hutuachia saa ya mwisho tutengeneze kadi za kubadilishana. Ni ndogo, zinaenea kwenye kiganja. Tunaleta karatasi kuukuu: magazeti, kalenda, pakiti za unga, vitabu tulivyovimaliza kuandika. Zote zinaingia kwenye rundo moja na kila mtu anachana anachotaka. Tunabandika vipande kwa tabaka, tunavipaka majani ya chai au rangi nyepesi ili maandishi ya chini yaonekane kwa mbali, tunashonea uzi au kipande cha kitambaa. Nyuma unaandika jina lako na tarehe. Kadi haiuzwi na haitolewi bure. Nikupe yangu, unipe yako.

Alhamisi hiyo nilikuwa nimetengeneza tano za aina moja, jogoo wa kitambaa chekundu juu ya karatasi ya maandishi. Kwa wenzangu wa darasa, moja ya Obiero, moja ya Nekesa, moja ya Rukia, moja ya Mzee Mungai na moja ya mwalimu. Nilijivunia sana wale jogoo. Mungu anisamehe.

Jumanne Obiero hakuja. Alhamisi hakuja. Nikamwandikia meseji, nikaifuta mara tatu kabla ya kuituma.

"Ndugu Obiero umekosa darasa. Uko mzima? Waiyego."

Jibu lilikuja kesho yake.

"Niko mzima. Ni kazi tu. Mungu akubariki mama."

Mtu akikuombea baraka namna hiyo, unajua mlango umefungwa.

Zamani tukitoka darasani tulitembea pamoja hadi kwenye kona ya kinyozi. Yeye alikwenda upande wa mafundi wa jua kali anakotengeneza masanduku ya mabati, mimi nikaenda kwenye chumba changu. Sasa nilipita kona hiyo peke yangu, nikijifanya naangalia simu. Nikifika nyumbani nilisonga ugali wa mtu mmoja, mdogo kama ngumi, nikaula nimeangalia ukuta. Nilipiga magoti nikasema, "Bwana, kama nimemkosea mtu, nionyeshe. Na kama sijamkosea, nipe nguvu ya kuzoea."

Siku moja nilipita alipofanyia kazi.

"Habari ya kazi, Obiero?"

"Mzuri, mama." Nyundo haikusimama.

"Kuna kitu nimekukosea?"

"Hapana."

"Basi mbona huji?"

"Mama, nina sanduku la watu hapa. Nenda salama."

Nilikwenda. Sikulia mpaka nikafika nyumbani, na hata hapo nililia kidogo tu, kwa sababu kuta za Huruma ni nyembamba.

Jumatano ya wiki iliyofuata, Nekesa alikuja kununua sukuma, kadi ikiwa mkononi.

"Wewe Waiyego, kumbe unaandika mambo na hutuambii!"

"Mambo gani?"

"Hapa chini ya jogoo. Nilikuwa nafanyia macho mazoezi. Sikiliza." Akaivuta kadi karibu na pua. "'Na hakuna mtu wa kuniuliza nimechelewa wapi.' Aki wewe! Nani alichelewa?"

"Hiyo ni imla ya mwalimu."

"Imla gani? Imla yetu ilikuwa ya mbuzi na kisima."

Nilifuta mikono kwenye leso, nikachukua kadi. Sikuisoma. Niliipapasa. Karibu na mguu wa jogoo, pale ambapo rangi ilikuwa nyembamba, herufi zilikuwa zimesimama kama mishono. Ni mtu mmoja tu darasani anayeandika akikandamiza kalamu kama anapiga msumari.

Kisu kilichokuwa mapajani kilianguka kwenye beseni.

"Waiyego, ni nini?"

Nilikumbuka. Obiero alikuwa ameazima kitabu changu cha mazoezi ili anakili somo alilokosa. Alinirudishia Alhamisi ileile, mlangoni. Akasema, "Utakisoma ukifika nyumbani?" Mimi nikamjibu, "Cha nini? Hiki nimeshakimaliza." Nikaingia, nikakitupa kwenye rundo mbele ya macho yake, kwa sababu kitabu kilichojaa ni karatasi ya kadi. Labda alidhani ninatania. Kisha nikafungua katikati, kumbe hapo ndipo alipotia karatasi yake, nikatoa ukurasa ulioandikwa vizuri zaidi, nikauchana vipande vitano bila kusoma hata neno moja.

Na kipande kimoja nikampa mwenyewe, kikiwa na jogoo juu yake.

Nikampigia mwalimu.

"Mwalimu, naomba unirudishie kadi yangu."

"Kwani ina nini?"

"Nimechana barua ya mtu. Sikujua."

"Ya Obiero?" Linah akauliza.

"Umejuaje?"

"Nilimsahihishia neno moja. Aliniuliza 'mlango' inaandikwaje. Waiyego, Obiero ameniaga. Jumamosi anahamia Soy, ndugu yake amempatia mahali pa kufanyia kazi."

"Jumamosi hii?"

"Hii. Na kadi utapata, lakini unajua sheria. Kadi kwa kadi."

Usinicheke, lakini nilikubaliana naye. Nilikuwa nimeichana barua kwa uzembe, sikutaka kuirudisha kwa njia ya mkato. Jumatano jioni na Alhamisi yote nilikata, nikabandika, nikashona. Mwalimu, Nekesa na Rukia walibadilisha bila maneno mengi. Rukia alinishika bega tu. Mzee Mungai ndiye alinisumbua.

"Huyu jogoo ninampenda," akasema. "Wewe unaniletea maua. Maua nitapeleka wapi?"

"Mzee, tafadhali."

"Nitengenezee ng'ombe. Mwenye maziwa, si hawa wenu wa mjini."

"Nitakutengenezea."

"Na awe na pembe."

Nilimtengenezea ng'ombe mwenye pembe za uzi na kiwele kinachokaribia kugusa majani. Akampokea kwa mikono miwili, akanipa jogoo.

Gundi yangu huwa ya unga wa ngano uliochemshwa, siyo ya dukani. Ijumaa nililaza zile kadi nne kwenye maji ya uvuguvugu, nikaomba nikisubiri. Jogoo waliachia mmoja mmoja. Rangi ilitoka kiasi. Wino wa kalamu ya Obiero ulibaki, maana hata wino ungetoka, ule mkandamizo ungebaki. Nikaviweka vipande kwa mpangilio kwenye mlango wa kabati, nikaanza kusoma kwa kidole.

"Waiyego. Hii ni barua yangu ya kwanza kuandika tangu nizaliwe. Ukiona makosa usicheke.

Nikitoka darasani nafungua mlango mwenyewe na hakuna mtu wa kuniuliza nimechelewa wapi.

Nimeona hata wewe huna haraka ya kufika kwako. Tukifika kwa kinyozi tunasimama bila sababu.

Haya siwezi kusema kwa mdomo. Ndiyo maana nimeyaandika. Nataka kukuuliza"

Hapo barua ilikatika. Swali lenyewe nilikuwa nimempa mwenyewe.

Jumamosi asubuhi nilimkuta akifunga kamba juu ya mkokoteni. Nyundo, mikasi ya mabati, godoro, sufuria mbili.

"Obiero."

"Mama."

"Usiniite mama. Mimi ni Waiyego." Sauti yangu ilitoka juu kuliko nilivyotaka. "Sikusoma. Nilidhani ni somo. Niliona tu mwandiko umejaa vizuri, nikachana."

"Ulichana ukicheka. Nilikuona."

"Nilikuwa nacheka na Nekesa habari ya jogoo! Obiero, wewe unajua ninavyosoma. Mstari mmoja nautembea kama mlima. Ningesomaje ukurasa mzima na mikasi iko mkononi?"

Aliangalia kamba.

"Uliposema ni ya kuchana, nilifikiri umenijibu," akasema polepole. "Nilifikiri umegawia darasa lote wanicheke, kila mtu na kipande chake."

"Basi angalia."

Nikafungua leso. Vile vipande vinne nilikuwa nimevibandika upya kwenye karatasi nzito, vimekunjamana, vina rangi ya chai. Alivisoma vyote, midomo ikisogea.

"Imebaki ya mwisho," nikasema. "Iko kwako."

"Haiko. Niliitia kwa moto siku ileile."

"Basi niambie ilisema nini."

"Waiyego, si nimeandika hapa kwamba siwezi?"

"Basi andika."

Alitazama huku na huku. Wenzake wa jua kali walikuwa wamepunguza kupiga nyundo na hawakujificha. Akaokota chaki ya kupimia, akalaza bati jipya juu ya mkokoteni, akaandika. Alichukua muda mrefu. Chaki ilivunjika mara mbili. Kisha akasogea pembeni.

Nikaweka kidole.

"Na-o-mba ni-je kwa wa-tu wa-ko..."

"Saidia mama wa watu!" mmoja akapiga kelele.

"Nyamaza," Obiero akamwambia.

Hakunimalizia neno. Alisimama tu, mikono nyuma, akingoja nifike mwisho. Tangu mume wangu azikwe, watu wamenisomea, wameniandikia, wamenijazia fomu na kunionyesha pa kuweka kidole. Hakuna aliyewahi kuningoja.

"...u-we m-ke wa-ngu."

Nilisoma tena kimoyomoyo, bila kukata maneno. Kisha nikamwomba chaki. Chini ya maneno yake nikaandika: Kuja.

Aliinama, akasoma.

"Lini?"

"Jumapili ya kesho kutwa wiki... hapana, ngoja." Nilikuwa nimechanganyikiwa kabisa. "Kesho. Baada ya ibada. Nitampigia kaka yangu simu atoke Sugoi. Na uje na mtu mzima wa kwenu, nisionekane nimeokota mwanaume barabarani."

"Na Soy?"

"Soy nini?"

Alinitazama, akautazama mkokoteni. Kisha akaanza kufungua kamba.